Jina Ndani ya Kibodi: Maisha ya Mulinge Musila, 1963–2025

Mulinge Musila alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika kijiji cha Ngiini, Kathiani, akiwa mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza wa marehemu Mzee Musila na marehemu Mama Nzembi. Mwanzo huo na aya ya shule aliviandika yeye mwenyewe, kwa sababu hakuamini kwamba kuna mtu anayeweza kuziweka tarehe zake bila kukosea. Yaliyobaki yameandikwa na dada yake mdogo, Kalunde, isipokuwa aya moja, nayo itatajwa ikifika.

Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 1970 na kufanya CPE, mtihani wa darasa la saba, mwaka wa 1977. Alisoma sekondari kuanzia 1978 hadi kidato cha nne mwaka wa 1981. Mwaka uliofuata alienda Nairobi kusomea ufundi wa taipureta, akahitimu Novemba 1983. Hakuwahi kurudia darasa. Hivyo ndivyo alivyoandika, na Kalunde anawaomba waombolezaji wahesabu wenyewe miaka ya shule ya msingi, kisha wamsamehe.

Februari 1984 aliajiriwa na kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa ikihudumia taipureta za maofisi, na eneo lake la kazi lilikuwa Kajiado. Huko ndiko alikopata desturi aliyoishika hadi mwisho. Fundi wa kampuni hiyo hakufunga mashine kabla ya kubandika ndani yake kikaratasi kidogo chenye tarehe, ugonjwa wa mashine na jina la aliyeitibu. Mteja hakukiona. Fundi atakayeifungua baadaye ndiye angekiona, ajue ni nani alipita hapo kabla yake. Mulinge alikuwa akisema kwamba sahihi ya nje ni ya kujionyesha, na ya ndani ndiyo ya kazi.

Katika ofisi moja ya Kajiado mjini alikuwepo mpiga chapa aliyeitwa Waithera Gakuru, na taipureta yake ilikuwa na kitufe kilichokwama kila mwezi bila kukosa. Mulinge alikisafisha, akakipaka mafuta, akakibadilisha, na mwezi uliofuata aliitwa tena. Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Desemba 1990. Ilichukua miaka mitatu ya ndoa kabla Waithera hajamwambia kwamba alikuwa akikata kipande cha kifutio na kukisukuma chini ya kile kitufe kwa pini. Mulinge hakucheka. Alisema kwamba alikuwa ameandika uongo kwenye vikaratasi kumi na moja, akanuna siku mbili nzima. Mungu aliwajalia watoto watatu, Musila, Nzembi na Ciku.

Mwaka wa 1996 alifungua karakana yake Kitengela. Taipureta zilipokufa aliingia kwenye kompyuta, na katika kompyuta alichopenda ni kibodi, hasa zile nzito ambazo kila kitufe kimekalia swichi yake na kulia kikibonyezwa. Zile laini za mpira aliziita sponji. Yake mwenyewe aliipata kwenye mnada wa ofisi iliyofungwa mwaka wa 2011, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuipangusa vumbi.

Januari 2016 Nzembi, ambaye alikuwa amemaliza diploma ya elektroniki, aliingia karakanani. Kwa desturi alipewa jina la nyanya yake, mama yake Mulinge, na kwa mikono alikuwa mtoto wa baba yake, na zaidi. Angeweza kutoa swichi iliyoungua bila kuacha alama kwenye ubao. Kila kazi aliyoifanya aliibandikia kikaratasi kama alivyofunzwa, akaandika: Fundi, Nzembi.

Juni 2021 kibodi ya shule moja ya Bisil, ambayo Nzembi aliitengeneza mwaka wa 2016, ilirudi na tatizo jingine. Aliyeileta ni Kakenya, karani wa shule hiyo. Nzembi aliifungua akakuta kikaratasi cha ile kazi yake ya kwanza, tarehe ni ileile na ugonjwa ni uleule, lakini mwandiko ni wa baba yake na jina ni la baba yake. Alifungua nyingine mbili zilizokuwa kwenye rafu zikingoja wenyewe. Zilikuwa vivyo hivyo.

"Baba, hii si ni mimi nilitengeneza?"

"Ni wewe."

"Sasa jina yangu iko wapi?"

Mulinge hakuinua kichwa. "Fundi mwingine akifungua akute jina ya msichana, atasema nini? Customer atarudi hapa?"

"Umetoa ngapi?"

"Zote," alisema.

Nzembi aliiweka bisibisi mezani, akavua aproni, akaondoka. Alienda Rombo, karibu na mpaka wa Tanzania, akawa akifundisha ufundi katika chuo kidogo huko. Kwa karibu miaka minne baba na mwana hawakuzungumza. Salamu zilipitia kwa Waithera, na Waithera alichoka kubeba salamu ambazo hazikuwa na kitu ndani.

Sauti ya Mulinge ilianza kukwaruza Januari 2023. Alilaumu vumbi la Kitengela, kisha baridi, kisha moshi wa lehemu, akanywa dawa za dukani karibu mwaka mzima. Novemba uvimbe ulipatikana kwenye koo. Februari 2024 alipasuliwa Nairobi na kisanduku cha sauti kikatolewa chote. Alitoka hospitalini akiwa bubu. Dawa za dripu zilizofuata zilimtia ganzi vidole vyote kumi. Kalamu ilimponyoka, na simu hakuweza kuitumia kwa sababu hakuhisi kioo. Kilichobaki ni ile kibodi yake nzito. Hakuihisi pia, lakini aliisikia, na kitufe kikilia alijua ameandika. Waliiunganisha na skrini kando ya kitanda, na huo ndio ukawa mdomo wake. Kwa kibodi hiyo aliomba maji, aligombana na Kalunde kuhusu siasa, na alimwambia mkewe mambo ambayo Waithera hajasema na hatasema.

Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu, na daktari hakuwaficha. Mwezi wa Aprili Kakenya alipita kumwona mgonjwa, akaketi kando ya kitanda.

"Sopa, fundi," alimsalimu kwa Kimaasai. Kisha, baada ya maziwa na pole, akauliza, "Na yule msichana wako alienda wapi? Ile keyboard alitengeneza mara ya kwanza ilikaa miaka mitano. Mimi nilikuwa nauliza watu wa hapo nje kama yuko, ndio niingie."

Mkono wa Mulinge ulikuwa juu ya vitufe. Aliuondoa, akauweka juu ya blanketi. Kwa miaka mitano alikuwa ameficha jina la binti yake ili asipoteze wateja, kumbe mteja alikuwa akija kwa ajili ya binti. Kalunde alikuwepo, na aliona uso wa kaka yake ukianguka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa.

Kesho yake asubuhi Mulinge alianza kuandika wasifu huu. Familia ilimsihi aache, ikidhani anajitabiria kifo. Aliandika kwenye skrini kwamba kifo kimeshatabiriwa na daktari, na kwamba kuna jambo lazima lisomwe mbele ya watu, na ataliandika yeye. Alikuwa na nguvu za mistari miwili au mitatu kwa siku. Jumatatu tarehe 5 Mei alifika kwenye aya ya kazi, na kitufe cha A kikafa. Alikibonyeza mara ishirini. Na kwa Kiswahili, bila A, mtu hawezi kuomba hata maji.

Musila alikuja kutoka Rongai na kibodi mpya, laini, ya kisasa. Baba yake alijaribu, hakusikia kitu, skrini ikajaa herufi zilizorudiwa mistari mizima, akaisukuma ikaanguka chini. Kwa ishara akaomba kibodi yake ya zamani na bisibisi. Walimpa. Skrubu ya kwanza ilimshinda. Waithera alitoka nje, akasimama kando ya tangi la maji, akampigia Nzembi simu.

"Kuja," alimwambia. "Baba yako amenyamaza tena."

Nzembi alifika Jumatano jioni akiwa na mfuko wa vifaa vyake. Hakukuwa na kukumbatiana, na tusidanganyane kwa sababu tuko kando ya kaburi. Alisema, "Baba, nimefika," na baba yake akaelekeza kidole kwenye kibodi. Kesho yake, Alhamisi, baada ya chai, aliiweka mezani karibu na kitanda. Kalunde alishika taa. Nzembi aling'oa kifuniko cha kitufe cha A kwa waya, akapima swichi iliyokuwa chini yake, ikawa imekufa kabisa. Swichi mpya ya aina hiyo haipatikani Kitengela, na kuiagiza kungechukua wiki tatu. Mulinge hakuwa na wiki tatu za kutegemea.

Nzembi alipindua ubao, akayeyusha lehemu, akatoa swichi ya kitufe kilichoandikwa Scroll Lock, ambacho katika miaka kumi na minne hakuna aliyekibonyeza ila kwa bahati mbaya. Hilo alifunzwa na baba yake: kabla hujaenda dukani, tafuta nyumbani. Akaihamishia kwenye A. Mgonjwa aliangalia kila tone la lehemu kwa macho yaleyale ya mkaguzi, na Kalunde alijizuia asimfunike uso na blanketi. Kibodi ilipounganishwa Nzembi alibonyeza mara moja. Kitufe kililia, na kwenye skrini ikatokea A moja.

Kisha akakata kikaratasi, kama desturi ilivyo, na kukiandika: 8/5/2025. Swichi ya A. Fundi, Mulinge.

Alikiweka mbele ya baba yake. Baadaye Kalunde alimuuliza kama alifanya hivyo kwa heshima au kwa hasira, naye akajibu, "Aunty, hata mimi sijui."

Mulinge alikisoma. Alijaribu kukiokota, kikamponyoka, akajaribu tena. Mwishowe alikivuta kwa kiganja hadi ukingoni mwa meza kikaanguka. Akaisogeza kibodi, ikiwa bado wazi mifupa yote, akaandika polepole: Andika jina lako.

Nzembi aliandika kingine. Safari hii: Fundi, Nzembi. Mulinge alitaka akibandike yeye. Ilimchukua muda mrefu sana kwa vidole visivyohisi, na hakuna aliyemsaidia. Nzembi alifunga skrubu. Kalunde, ambaye alimjua kaka yake kwa miaka zaidi ya hamsini, alingoja aombe ifunguliwe tena akague. Hakuomba.

Hii ndiyo aya aliyoandika siku mbili zilizofuata. Aliagiza isiguswe.

"Kuanzia Januari 2016 hadi Juni 2021, Mulinge alifanya kazi na binti yake Nzembi. Alitoa vikaratasi vya Nzembi ndani ya mashine za watu akaweka vyake. Alisema ni kwa sababu ya wateja. Haikuwa wateja. Aliona kazi ya mtoto ni safi kuliko yake na akaogopa. Jina alilotoa lilikuwa pia jina la mama yake. Mashine zingine ziko bado maofisini Kitengela, Kajiado, Bisil, na zina jina langu. Yeyote aliye na mashine yenye kikaratasi changu cha miaka hiyo, hiyo ni kazi ya Nzembi. Kalunde asibadilishe kitu. Asome kwa sauti, asiruke hapa."

Kalunde hajaruka. Nzembi alimwomba aruke, akisema hataki baba yake aaibishwe mbele ya jeneza. Lakini hili ndilo alilotumia pumzi yake ya mwisho kuliandika, na familia haina haki ya kulitoa na kuweka lingine. Neno samahani hakuliandika, hapa wala kwingine. Alipokuwa na sauti hakulisema, na alipopata kitufe aliandika alichoweza. Nzembi ndiye atakayejua kama kinatosha, na hakuna anayemharakisha.

Baada ya Jumamosi tarehe 10 Mei hakuandika tena kitu kirefu. Nzembi alibaki nyumbani. Mulinge aliaga dunia Alhamisi, tarehe 22 Mei 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Kitengela, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Anazikwa leo hapa shambani kwake, Isinya. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, majirani, na Kakenya kwa swali lake.

Ameacha mjane, Waithera, watoto, Musila wa Rongai, Nzembi, fundi, na Ciku, wajukuu wawili, na dada yake Kalunde. Karakana itafunguliwa tena mwezi wa Julai, na Nzembi ataweka kalamu mezani kwa ajili ya wale wenye mashine za miaka ile.

Wasifu huu umechapwa kwenye ile kibodi. Pumzika, kaka. Imefungwa, na hakuna atakayeifungua kukagua.