Nukta Mbili kwenye Bapa la Audax

Kijiwe chetu cha Kabanga kiko mbele ya banda la Mzee Minani, muuza kahawa, hatua chache kutoka barabara ya mpakani. Benchi ni ubao mmoja wa mkaratusi uliopinda katikati, ukikaa na mtu mnene utateleza kwake utake usitake. Asubuhi hiyo hakuna aliyekaa. Benchi lilikuwa limelaliwa na bapa la msumeno wa mnyororo, kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka ukikata mti, nasi wanaume wazima tulisimama tukilitazama kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Lilikuwa jekundu la kuiva, na ubavuni limepitiwa na pembetatu nyeusi zilizofuatana kama kwenye vikapu vya mama zetu. Ildefonsa, mjane mwoka mikate, ndiye aliyelipaka kwa rangi ya unga, nyumbani kwake. Mimi nina miaka arobaini na saba na sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo. Nakiri.

Mwenye bapa ni Audax, mpasua mbao. Mwaka jana, kwenye kambi ya mbao Biharamulo, mtu alimchukulia bapa jipya akamwachia lililokwisha. Mabapa yote yanafanana, ungemshika nani? Safari hii akaenda kwa Ildefonsa alitie rangi isiyofanana na ya mtu. Lakini Luhende, mkuu wa kambi, alikuwa ametuma neno: bapa la rangi halifungwi kwenye msumeno mpaka alione kwa macho yake. Angepita asubuhi hiyo. Akilikataa, Audax anabaki nyumbani msimu mzima, na Ildefonsa anarudi kwenye mikate yake tu.

— Gusa, — alisema Audax. — Kwaruza. Haitoki.

Benki Kuu, tunayemwita hivyo kwa sababu anabadilisha faranga hapo mpakani, akakwaruza kwa sarafu.

— Haitoki kweli! Jamani, hii siyo rangi, hii ni ngozi.

— Ni kemia, — akasema Profesa. Profesa aliishia kidato cha pili, ila tunamheshimu kwa kuwa hajawahi kusema sijui. — Unga ule una sumaku. Ukiumwaga tu, unatembea wenyewe kufuata chuma. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Kwa hiyo unga ni kibaya?

— Usinikatize.

— Sumaku gani? — akasema Audax. — Mimi nilikuwepo. Anachoma kwanza chuma kitupu ndani ya pipa. Anakitoa kwa koleo, anakichekechea unga kwa chujio la chai. Ukigusa chuma tu, unayeyuka. Halafu anaweka juu yake bati alilolikata pembe pembe, anachekecha mweusi. Anarudisha ndani.

— Na moto anaupimaje? Ana kipimo?

— Anarusha unga wa ngano kidogo tu kwenye kibati, anasali Salamu Maria tatu. Akimaliza ya tatu ngano ikiwa kahawia, moto umefika. Ikiwa nyeusi, anafungua mlango na kusubiri.

Mzee Minani aliacha kumimina.

— Ndiyo maana mkate wa juzi ulinukia rangi kama geti jipya, — akasema Benki Kuu.

— Acha uchokozi. Pipa la vyuma ni lile lake la zamani. Mkate hauingii tena humo.

Profesa akainama mpaka pua ikakaribia chuma.

— Na hizi nukta mbili za udongo, huku nyuma?

— Sijui, — akasema Audax. — Nadhani ni pambo.

— Ni macho, — akasema Mzee Minani. — Chombo kizuri lazima kikuone.

— Mzee, hiyo ni dawa! — akasema Benki Kuu. — Si unaona ni udongo wa kichuguu? Mwizi akilishika, mkono unaganda hapo hapo mpaka mwenyewe arudi.

— Ninyi watu wa zamani, — akasema Profesa. — Humo ndani mna kifaa cha setilaiti. Bapa likivuka mto, simu ya Ildefonsa inalia. Mficha uchi hazai!

— Kwa nini viwili?

— Kimoja cha Tanzania, kimoja cha Burundi. Mtandao wa hapa si unaujua unavyorukaruka?

Nilicheka, lakini kwa aibu, maana nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka mtu mrefu mwenye buti zilizojaa vumbi la mbao. Luhende.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, — akaitikia Minani.

Luhende hakukaa. Aliinua bapa, akalipimia kwa jicho moja, akapitisha ukucha kwenye mfereji wa mnyororo.

— Halijapinda. Mfereji safi. Na ncha imetiwa grisi mpya. — Audax akaanza kutabasamu, Luhende akamkatiza. — Oili inapita wapi?

Bila oili, mnyororo unaungua kabla gogo la kwanza halijaanguka, hilo hata mimi nalijua. Audax akainama, akalipapasa bapa. Profesa akaangalia kikombe chake.

— Nauliza, oili inapita wapi?

Ildefonsa alikuwa anakuja na beseni la mikate kichwani. Alilitua, akachomoa mwiba kwenye pindo la kitenge, akasukuma nukta ya kwanza. Udongo ukadondoka mzima, mwanga ukapita. Akasukuma ya pili.

— Niliziba matundu ya oili, rangi isiingie. Nikauacha udongo, vumbi la njiani lisiingie. Audax nilimwambia autoboe akifika.

— Uliniambia, mama?

— Nilikuambia ukiwa unashangaa pembe.

Luhende alichungulia tundu moja, halafu la pili.

— Nani alikufundisha?

— Hakuna. Marehemu mume wangu alipasua mbao miaka kumi na minne. Kila jioni yeye anakula, mimi namsafishia tundu hili kwa mwiba. Sikujua kama najifunza.

Niliinama, nikaokota kipande kimoja cha udongo.

Luhende alirudisha bapa mikononi mwa Audax, akaenda kwenye pikipiki, akafungua kamba. Alirudi na bapa lake mwenyewe, la kijivu kama yote, akalilaza benchini mbele ya Ildefonsa.

— Na langu. Pembe utachagua mwenyewe.

Kisha akatugeukia sisi.

— Na ninyi, wazee, asubuhi yote mlikuwa mnajadili nini?

Benki Kuu akamtazama Profesa. Profesa akanyoosha kikombe kwa Mzee Minani, naye mzee akainamisha birika mpaka chini. Halikutoka hata tone.