Sweta Lililompwaya Mke wa Cheche

Benchi la marafiki wa kijiweni lilikuwa ubavuni mwa karakana ya kuchomelea vyuma, kahawa ikinywewa huku moshi wa geti jipya ukiwaingia puani. Asubuhi hiyo mwenye karakana, Cheche, alikaa nao bila kugusa kikombe. Jana yake alimpa mkewe sweta alilolifuma mwenyewe kwa kroshia, jioni baada ya jioni, kwa siri, huku dada yake akimfundisha. Mikono iliyozoea nondo ikajifunza uzi. Mkewe akalivaa, likampwaya kama turubai juu ya kigoda. Akacheka, kisha akalivua, akaenda zake kulala.

— Ulizidisha mizunguko, alisema Breki, dereva mstaafu.

— Nilifuatisha blauzi yake. Kipimo kilekile!

— Basi ni uzi, alidakia Kinyozi. Uzi wa siku hizi ukionja joto unatanuka. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hata hakukaa nalo sana mwilini.

— Ndiyo ujue uzi wenyewe mkali.

Breki akatikisa kichwa.

— Wewe umezoea kupima mageti. Umemfumia shemeji geti la mikono mirefu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu gani sasa?

— Si mimi hapa!

Kinyozi akasimama kabisa, kikombe mkononi.

— Nimepata! Sweta halijakua. Shemeji ndiye anapungua. Sweta linamfyonza! Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Benchi zima likaangua kicheko. Cheche alitaka kucheka nao, ila alikuwa bado anamwaza mkewe.

Mama mmoja aliyekuja kuulizia dirisha lake alikuwa amesimama pembeni akisikiliza.

— Samahanini, kaka zangu. Hizo jioni zote, mkeo alijua uko wapi?

Kinyozi akakaa. Breki akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo.

Cheche akasimama. Alikuwa akimwambia mkewe kuna kazi ya haraka. Na kwa dada yake alikuwa anaoga kwanza asije akachafua uzi, kisha anarudi nyumbani ananukia sabuni ya nyumba nyingine. Ndipo alipokumbuka sahani ambazo mkewe alikuwa akizisukuma kando siku hizo, akisema ameshiba; kumbe kweli alikuwa anapungua.

Aliondoka bila kuaga. Alimkuta mkewe jikoni, amelivaa lile sweta, mikono ameikunja mara tatu.

— Mke wangu, nilikuwa kwa dada. Nilikuwa naoga nisichafue uzi.

— Mchomelea vyuma anarudi ananukia waridi, alisema mkewe. Ulitaka nidhani nini?

— Nisamehe.

Akapiga magoti, akaanza kutafuta ncha ya uzi ili alifumue, alifume upya. Mkewe akamshika mkono.

— Liache hivyohivyo. Wewe pakua chakula, nitalijaza.