Binzari Kwenye Damu

Kijiwe chetu cha Kihesa kiko pale lami inapokatikia. Juu wanakaa kina Gulam wenye maduka, chini tunakaa sisi wa kisimani. Jana Sifaeli, tunayemwita Breki kwa kuwa mdomo wake hauna, alikuja kimya. Bintiye Chiku katoka kulazwa, taifodi, mara ya tatu mwaka huu. Akauliza afanye nini mtoto asirudi wodini. Basi uwanja tukaachiwa sisi wenye hoja, na mimi ndiye namba moja, mkoa mzima unajua.

— Wajukuu wa Gulam umewahi kusikia wana taifodi? akaanza Profesa, aliyeishia darasa la sita.

— Sijawahi, akasema Breki.

— Damu hiyo! Mhindi ana binzari kwenye damu. Mdudu akiingia tu, anapaliwa.

— Na sisi?

— Sisi ugali mtupu. Mdudu anajenga, anaoa.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nikadakia. Maana yake Chiku aogeshwe binzari. Mimi niliiogea kule Mgololo, miaka tisa sikupiga hata chafya!

— Aoge tu?

— Aoge, anywe, alalie! Mbuzi wangu nilimpaka, hakuugua hata siku moja.

— Si ulimchinja Krismasi? akauliza Hamza, muuza kahawa.

— Ndiyo, lakini hakufa kwa taifodi!

Breki akainuka aende kununua binzari. Hapohapo akafika Nirav, mpwa wa Gulam, suruali inamvuka.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Umekonda, kijana! Mapenzi?

— Taifodi. Nimetoka hospitali juzi.

Profesa akapaliwa yeye.

— Kwani binzari umeacha?

— Nakula kila siku, mzee. Nimekulia kwa mjomba huko juu, maji ya bomba, sikuwahi kuugua. Nimepanga chumba huku kisimani, mwezi wa pili tu, chali! Damu ni ileile. Hivi wazee wangu, kwa nini bomba limeishia kwa mjomba?

Mimi nikatafuta methali, zote zikanikimbia.

Breki akainua birika lililokuwa linatokota kwenye jiko la Hamza.

— We Breki, kahawa yetu!

— Hamza hajaitia. Haya ni maji yaliyochemka, nampelekea Chiku. Na kesho naenda ofisi ya maji na swali la huyu kijana. Nani anakuja?

— Mimi natangulia, nikasema. Kukaa nyuma ya watu sijazoea.