Wasifu wa Dada Yetu, Daktari Aliyepima Dakika za Moyo

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi viatu na mama mkunga. Kabla sijaendelea niseme jambo moja. Shemeji yangu aliniomba niruke sehemu inayohusu asubuhi aliyoanguka mkewe. Marehemu aliagiza isomwe. Shemeji, naomba unisamehe. Nimemwogopa dada zaidi.

Shule ya msingi alisoma kuanzia 1968 hadi 1974. Alipofika darasa la sita alifundishwa kuhesabu mapigo ya moyo, na kuanzia hapo usingizi wa mchana ukaisha nyumbani kwetu. Baba alikuwa akizinduka anakuta ameshikwa kifundo cha mkono.

"Mwanangu, sijafa. Nimejipumzisha tu."

"Najua, baba. Sabini na mbili."

Alihitimu sekondari kwa alama za juu, akasomea udaktari kuanzia 1982 hadi 1987.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika idara ya dharura ya hospitali kubwa, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2021. Mwaka 1996 alianza utafiti uliokula maisha yake yote: mgonjwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo anakaa dakika ngapi kati ya getini na kipimo cha kwanza? Matokeo ya mwaka wa kwanza yalipokuwa tayari kuchapishwa, aligundua kwamba saa ya ukutani ya mapokezi ilikuwa nyuma kwa dakika sita. Wenzake walimwambia aache tu, nani atajua? Akawajibu, "Mimi, na saa." Akatupa kazi ya mwaka mzima, akaanza upya.

Kisha alijilaza kwenye machela na kusukumwa kuanzia getini kama mgonjwa, ajionee mwenyewe dakika zinapopotelea. Zilikuwa zinapotelea dirishani, watu wakisubiri kufunguliwa faili huku wameshika kifua. Akapigana miaka minne mpaka utaratibu ukabadilishwa, kipimo kikatangulia na faili likafuata. Aliyemfundisha kwanza kuwatambua wagonjwa hao ni askari wa getini, na ripoti ilipotoka, jina la askari lilikuwa la tatu kati ya waandishi. Profesa mmoja alinuna. Dada alimwambia kwamba askari amewaona wagonjwa wengi kuliko wao wote.

Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1990, alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, na mpaka mwisho alimwita Mwalimu. Walijaliwa watoto wawili. Sote katika familia yetu, pamoja na waliooa na kuolewa humo, tulifundishwa kuminya kifua cha aliyesimama moyo, tukijizoeza juu ya mto wa kochi, na aliyeminya kwa ulegevu alirudia. Alitukera, na tulimpenda mno.

Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, saa tatu asubuhi, alianguka jikoni. Shemeji alikimbilia kwanza nje kuita jirani, ndipo akarudi kumminya kifua, akaminya mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Moyo ulirudi. Tangu siku hiyo shemeji hali chakula vizuri, hatazami mtu usoni, na kila anayempa pole anamwambia, "Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Siku ya tano wodini, dada alipoweza kuongea, alimwambia amweleze yote kwa mpangilio. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda.

"Ulikaa nje kwa muda gani, Mwalimu?"

"Dakika mbili. Nisamehe, mama."

"Sasa nisikilize na mimi. Kifua kilianza kunibana Alhamisi. Nikasema ni kiungulia, nikameza vidonge, nikafua mapazia. Mimi! Wewe ulichelewa dakika mbili. Mimi nilichelewa siku tatu."

Shemeji alilia. Dada alimshika mkono, kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, hilo liandike na likasomwe. Usinipambe. Aliyekosea kipimo ni mimi, na huyu ndiye aliyenirudisha niwaage wanangu."

Aliwaaga kweli, mmoja mmoja. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa nane mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, wajukuu watatu, kaka mmoja, sisi wadogo zake wawili, na wagonjwa wengi wanaotembea ambao hawakuwahi kumjua.

Dada, nimelisoma kama ulivyoagiza. Pumzika sasa kwa amani, na wewe shemeji, tunakuomba amani hiyo uipokee ungali hai.