Majira ya Baridi Yaliyobaki Chini ya Bahari

*Risala ya wafanyakazi wa Kituo cha Utafiti wa Bahari cha Torigasaki na mabaharia wa meli Hamayuki, kwa Mheshimiwa Hirokane Takuma, Naibu Waziri, siku ya kuigeuza Hamayuki kuwa makumbusho. Imesomwa gatini na Tokunaga Hatsue, fundi wa vyombo vya sauti.*

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri Hirokane,
Mheshimiwa Meya wetu,
Mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi,
Wazee wa Torigasaki, na nyinyi watoto wa shule mliosimamishwa juani tangu asubuhi,

Habari za mchana.

Tunakukaribisha Torigasaki kwa mikono miwili, Mheshimiwa. Tunajua umepanda treni ya alfajiri kutoka Tokyo, na tunajua joto la mwezi wa saba huku kwetu halina adabu. Mbele yako kuna chai baridi ya shayiri. Tafadhali kunywa huku tukisoma, hatutaona umetudharau. Ofisi ya itifaki ya mji ilituomba risala iwe fupi na ya furaha. Fupi tutajitahidi.

Aliyepaswa kusoma ni Nahodha Isurugi. Alikataa. Alisema akiishika karatasi hii mbele za watu atalia, na nahodha wa umri wake akilia gatini mchana kweupe watu watasema kalewa. Kwa hiyo mtanivumilia mimi.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, kituo hiki kilizaliwa na kosa la wavuvi. Zamani, mitambo ya kutafutia samaki ilipoanza kufungwa kwenye boti za hapa, wavuvi wa ngisi waliona kwenye skrini kitu kama nguzo kimesimama wima kutoka sakafu ya bahari. Wakashangilia. Wakawasha taa zote, wakashusha kamba zote, wasipate hata ngisi wa kuonja. Kesho yake wakarudi, nguzo ipo. Wakashusha tena, patupu tena. Msimu mzima ukaisha kwa kulaumiana.

Mwalimu Kuwabara Setsuko wakati huo alikuwa mtafiti kijana, ameletwa Torigasaki kupima chumvi ya maji na kuondoka. Alikuwa anakula tambi zake kwenye kibanda cha pale nyuma ya soko, na wavuvi wawili meza ya pili wanagombana.

"Unashusha kamba kama mtu anayeanika nguo! Kundi lote lile!"

"Kundi gani? Nimelikalia usiku kucha, hakuna hata mmoja aliyegusa."

"Basi wameiona sura yako."

Mwalimu akageuka, bakuli mkononi. "Samahani, kaka zangu. Hao ngisi wenu juzi walikuwa wapi?"

"Pale pale."

"Na mwaka jana?"

Wakatazamana. "Pale pale," mmoja akajibu, sauti imeshapungua.

"Sasa huyo ni ngisi, au nguzo ya simu?"

Kibanda kizima kilicheka, na wavuvi wale wakamchukua kwenye boti yao ili akome. Hakukoma. Alichokikuta ni gesi, Mheshimiwa: mapovu yanayotoka kwenye kilima kilicho chini kabisa, gizani, yanapanda kwa msururu usiokatika, na mengi yake yanayeyuka majini kabla ya kuona jua. Wavuvi walikipa kilima hicho jina la Mama Mkwe kwa sababu kinanung'unika mwaka mzima na hakuna wa kukinyamazisha. Mwalimu Kuwabara, ambaye hajawahi kuolewa, alilipenda jina hilo kuliko sisi sote.

TULIYOYAFANYA

Tumechora ramani ya Mama Mkwe na wadogo zake wote. Tumezamisha mirija ya chuma kwenye tope lake na kupandisha ile barafu nyeupe ambayo wataalamu huiita haidreti ya methani na sisi tunaiita barafu ya moto, maana ni gesi iliyokamatwa ndani ya barafu kwa baridi na uzito wa maji. Ukiipandisha juu inaanza kuchemka yenyewe kwa sauti ndogo ya kufoka, na ukiiwashia kiberiti inawaka huku inalia maji. Mpishi wetu marehemu, Bwana Uchiyama, aliwahi kuchomea ngisi mkavu juu yake. Ngisi yule aliungua upande mmoja, upande wa pili ukalowa, lakini tulimla wote na hakuna aliyelalamika.

Na tuna desturi yetu ambayo haimo kwenye ripoti yoyote. Mrija ukifunguliwa sitahani, hakuna anayesema neno. Kila mmoja anachukua kipande kwenye kiganja, anakisogeza sikioni, na tunasikiliza mpaka kiishe. Mabaharia wageni hutucheka siku ya kwanza. Siku ya pili huwa nao wamenyamaza, mkono uko sikioni.

Huko duniani wapo wanaotaka kuichimba gesi hii waichome, na wapo wanaohofia kwamba ikitoka yenyewe kwa wingi itaiongezea dunia joto. Sisi hatukuajiriwa kuwaamua. Kazi yetu ni kuwajibu wote swali moja: inatoka kiasi gani, na lini? Ndiyo kazi tuliyoipenda, Mheshimiwa, na tunaipenda hata leo tukiwa tumevaa fulana za makumbusho.

SWALI LAKO

Huenda wewe umesahau. Sisi hatujasahau. Ulipanda Hamayuki ukiwa afisa kijana wa wizara, suti mpya, viatu vya ngozi. Hatujapita hata mwisho wa ukuta wa kuzuia mawimbi, ukawa umeshalala ubavuni mwa ndoo. Tunaomba radhi kulitaja hili mbele ya watoto, ila meli ile imewahi kumtapisha hata nahodha wake. Bwana Uchiyama alikutia mdomoni tunda la plamu lililokaushwa kwa chumvi akakwambia, "Nyonya, mwanangu, usimeze. Ukifa hapa mimi ndiye nitakayeandika maelezo."

Ukanyonya. Ukapona kidogo. Mrija ukapanda, tukakupa kipande nawe, ukakiweka sikioni kama sisi. Kilipokwisha ukakaa ukiangalia kiganja chako kilicholowa, kisha ukauliza, "Na wakati wa baridi inakuwaje?"

Hakuna aliyejua. Kuanzia mwezi wa kumi na moja upepo wa Siberia ukishuka, bahari hii haiendeki. Theluji inaanguka baharini, mawimbi yanapita juu ya gati, na meli ya ukubwa wa Hamayuki inafungwa kamba na kuombewa. Kila tulichokiandika kuhusu Mama Mkwe tumekiandika majira ya joto. Tulikuwa kama watu wanaomjua ndugu yao kwa siku za sikukuu tu. Je, mawimbi makubwa yakimkandamiza ananyamaza? Au ndipo anapotoa yote? Mwalimu Kuwabara alikujibu, "Sijui, kijana." Wageni wengi wameuliza mengi kwenye meli ile, lakini swali lako ndilo alilorudi nalo nyumbani.

TUNAYOYATAMANI

Hapa kwa kawaida huwa tunasoma changamoto. Tunayo moja.

Mwalimu alistaafu, lakini hakuacha kuja. Kila asubuhi anapanda ngazi za kituo na chakula chake kwenye kitambaa, anakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, anauliza, "Habari za huko chini?" Tunamjibu, "Ananung'unika tu, Mwalimu." Ndiye aliyebuni, pamoja nasi, chombo tulichokiita Sikio: kinakaa juu ya kilima, kinasikiliza mapovu peke yake, na kinahifadhi ndani yake chote kilichosikika. Vuli iliyopita, kabla bahari haijafunga, nilikishusha mimi kwa mikono hii. Mwalimu aliegemea ukingo akakiambia, "Haya, mwenzangu. Wewe ndiye utakayekaa huko mimi nilikoshindwa." Sikuwahi kumsikia akiongea na chombo.

Basi Sikio lilikaa. Theluji ilipokuwa inapiga madirisha ya kituo tulikuwa tunatazamana na kucheka bila sababu, maana tulijua kuna mwenzetu aliye kazini. Tulipanga kwenda kulichukua bahari ikitulia. Ikatulia, na wiki hiyo hiyo likaja agizo kwamba Hamayuki isitoke tena gatini, imezeeka, igeuzwe makumbusho.

Mheshimiwa, hatukatai kwamba imezeeka. Makumbusho tunayashukuru, na watoto hawa wataufurahia usukani. Lakini Sikio bado liko chini. Majira ya baridi yote yamo ndani yake, na sisi tuko hapa juu tunakunywa chai.

Halipandi bila kuitwa. Meli ikifika juu yake inapiga mlio maalumu, nalo linauachia uzito wake na kupanda. Mlio huo unapigwa na kifaa kilichojengewa chini ya tumbo la Hamayuki. Tuliomba meli kubwa za taifa, tukaambiwa foleni ni ndefu, tusubiri miaka miwili. Mwenyekiti wa wavuvi alituonea huruma akasema, "Boti yangu ni yenu, nitawapeleka popote. Lakini huyo Sikio nitamwitaje? Nimpigie makofi?" Betri ya Sikio itadumu mpaka karibu na theluji ya kwanza. Ikiisha, tutaita, nalo halitatusikia. Na Jumatatu mafundi wa kuchomelea wanakuja kulikata tumbo la Hamayuki ili ikalie zege.

Mwezi uliopita Mwalimu alianguka ngazini kwetu. Ni moyo. Tulipokwenda kumwona hospitali tukajaribu kumtuliza, nikamwambia kwamba siku moja lazima tutalipandisha, na hata asipokuwepo tutamjulisha. Nilikuwa na maana ya sikukuu ya Obon, tunapokwenda makaburini kuwasimulia marehemu wetu habari za mwaka. Alinikatiza.

"Tokunaga, usije ukanisimulia kaburini."

"Mwalimu, mimi nilikuwa…"

"Nakuambia usije. Nitakuwa sisikii. Nitakuwa nimelala tu pale, na wewe unamwagilia jiwe maji na kuongea peke yako. Ninataka kusikia hapa," akaligusa sikio lake, "na nibishane nanyi, na niwaambie mmekosea kuhesabu."

Tulicheka, kisha tukatoka nje ya wodi, na huko nje hakuna aliyecheka. Tunatamani sana, Mheshimiwa. Hatujui namna ya kulisema hili kiofisi. Watu wazima wenye vyeti tunalala tukiota mlio wa mapovu ambao hakuna mtu hata mmoja duniani aliyewahi kuusikia, na tunamtazama Mwalimu wetu, na tunaogopa.

OMBI

Ombi ni moja tu. Tupe Hamayuki kwa safari moja. Tukiondoka mchana huu, kesho jioni tumerudi, na makumbusho yatafunguliwa yakiwa bado yananuka tope. Hatuombi fungu. Mafuta wametuchangia wavuvi, na wanasema ni fidia ya wale ngisi.

Tunaona bwana wa itifaki anaangalia saa. Tunamalizia.

Torigasaki meli inapoondoka, anayebaki na anayekwenda hushika utepe mmoja wa karatasi, kila mtu na ncha yake, mpaka mwendo wa meli uukate. Mkononi mwangu, chini ya karatasi hizi, nina ncha ya utepe wa njano. Ukiufuata kwa macho, Mheshimiwa, utaona unapita juu ya vichwa vya watoto, unapanda hadi sitahani, pale ukingoni karibu na mlingoti. Yule mwenye kofia ya majani, aliyekaa kwenye kiti cha jikoni cha marehemu Uchiyama, ndiye Mwalimu Kuwabara. Daktari wake alikataa. Yeye alikataa zaidi, mpaka daktari akaamua kupanda naye. Ni yule aliyeshika ndoo. Nahodha yuko kwenye usukani. Na ule moshi ambao Mheshimiwa Meya aliambiwa ni wa mapambo, tunamwomba radhi, si wa mapambo.

Hatutafungua kamba bila ruhusa yako. Sisi ni watumishi wa umma. Ukikataa, tutapanda tumshushe Mwalimu taratibu, tutamrudisha kwenye kiti chake cha dirishani, nawe utafungua makumbusho na tutakupigia makofi ya heshima unayostahili. Wala hatutakulaumu, tunajua nawe una wakubwa wako. Tunaomba tu usitujibu kwa hotuba, maana Mwalimu akiwa pale juu hataisikia. Nikikunja karatasi hii nitakuja mpaka hapo ulipokaa na kukunyooshea ncha ya utepe. Ukiushika, Nahodha ataona.

Tunakutakia afya wewe na nyumba yako, safari njema ya kurudi Tokyo, na usingizi mzuri. Bahari iwalinde wote wanaotoka leo na wanaobaki.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kituo cha Torigasaki na mabaharia wa Hamayuki.

Mheshimiwa, ninakuja. Tafadhali weka kikombe chini.