Injini Mpya, Breki za Marehemu

Mama mshonaji alikuwa amefumba macho ndani ya basi, lakini masikio aliyaacha wazi. Kwenye kiti cha mbele yake, karani mmoja mwenye tai alikuwa akimsimulia abiria mwenzake, dereva mstaafu wa malori, habari za gari aliloachiwa na marehemu baba yake.

"Mzee, ile injini ya zamani nimeing'oa, nimetia ya kisasa. Nguvu mara mbili! Ilibidi fundi akate boneti ndipo ikaenea." Mshonaji akakumbuka wateja wake wanaotaka vifungo vya koti kwenye gauni la kulalia.

"Na breki, mwanangu?" akauliza dereva mstaafu.

"Breki ni zile zile. Baba kazitumia miaka thelathini, hazikumwangusha hata siku moja."

"Zingemwangusha vipi? Injini yake ilikuwa ikisimama yenyewe!"

Karani akacheka kwa shingo upande. "Huo wivu, mzee. Jumamosi nampeleka mama mkwe mjini, tunashuka mlima wote. Sijamwambia kitu, nataka ashangae."

"Atashangaa, tena sana."

Mshonaji, ambaye naye ni mama mkwe wa mtu, akafumbua macho yote mawili.

Basi likasimama kituoni. Karani akainuka, akaiweka sawa tai yake. "Jumamosi kaa barazani kwako pale kando ya barabara, mzee. Utaniona nikipita."

"Kupita nitakuona," dereva akamjibu, huku akivuta miguu kumpisha. "Kusimama ndiko sina hakika."