Diski za Gari la Sindano

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimewekwa njia panda, katikati ya duka la vipuri na gereji, na mama muuza kahawa hukaa mbele yake na birika lake kama hakimu. Asubuhi hiyo Sindano alifika hajatia kitu tumboni. Ni fundi wa suti huyu. Miaka ishirini na minane amewavisha mabwana harusi wa watu, na mwaka huu ndipo alipopata alichokiota tangu ujana wake: gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lenye mngurumo wa kuamsha mtaa mzima. Alhamisi alimpakia mkewe. Wakishuka mteremko wa posta akakanyaga breki, usukani ukatikisika kama chekeche, gari likakataa kusimama mpaka lilipoingiza pua kwenye ndoo za muuza maua. Mkewe alishuka, akachomoa waridi lililomkwama kwenye kilemba, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu hapo wanaongea habari za chumvi tu.

Gereji walishasema: diski za mbele zimepinda. Ndizo zile sahani za chuma zinazobanwa na breki ili tairi lisimame. Duka la vipuri nalo limempa karatasi ya picha achague kabla ya adhuhuri: laini, zenye michirizi, au zenye matundu.

Sindano akaitandaza karatasi pajani.

— Ndugu zangu, nishaurini. Nikikosea hapa, mke sina.

— Za matundu, akakata shauri Gia Tano, dereva mstaafu wa basi, kabla hata hajaitazama karatasi. Matundu yanapitisha upepo. Diski inapumua. Kitu kinachopumua hakipati moto.

— Mimi napumua na nina homa tangu juzi, akasema Injinia, ambaye hakusomea uinjinia, hutengeneza miavuli tu. Na nani ananunua chuma chenye matundu kwa bei ya chuma kizima? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hayo matundu yazibwe kwanza!

— Yakizibwa si zitakuwa laini? akauliza Sindano.

— Ndiyo hapo sasa! Umeshajenga ukuta.

Sindano akaivutia karatasi karibu. Ukweli, moyoni alizitaka za matundu, tena zile kubwa kuliko zote. Si kwa ajili ya upepo. Zinaonekana kupitia rimu, lile duara la chuma linalovishwa tairi, zinametameta, na alishajiona amesimama nje ya kanisa watu wakichungulia magurudumu yake. Alishaziwekea alama ya kalamu.

— Za michirizi je?

— Michirizi ni ya mvua, akasema muuza kahawa. Kama bati.

— Mama kasema kweli, lakini michirizi ina upande wake, akaonya Gia Tano. Ukifunga ya kushoto kulia, ukikanyaga breki gari linarudi nyuma.

— Acha uongo! akasema Injinia.

— Basi langu lilirudi! Abiria walishukia walikopandia. Mmoja akanishukuru, alikuwa kasahau funguo.

Injinia akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza watoto.

— Nyote mnahangaika bure. Breki haijawahi kusimamisha gari. Kinachosimamisha gari ni ardhi. Na ardhi yenyewe inazunguka, inaelekea jua linakotoka. Sasa wewe Sindano, ukiendesha kuelekea linakotua, ardhi inakuvuta kwa chini, unasimama mwenyewe tu. Nunua diski yoyote, ila uende magharibi tu.

— Na kurudi?

— Kurudi unasukuma.

— Mke wangu yumo ndani?

— Ashuke asukume. Umoja ni nguvu.

— Muhimu ni moja tu, akadakia Gia Tano, asiyependa kuachwa nyuma. Diski mpya huja zimepakwa mafuta. Usiyafute! Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba.

— Maana yake nini?

— Maana yake usifute.

Nyuma yao alikuwa amesimama dada mmoja wa ovaroli ya buluu, fundi mgeni pale gereji, siku yake ya pili. Alikuja kunywa kahawa, akaiacha ipoe mkononi kwa kusikiliza.

— Shikamooni, wazee wangu. Samahani, rimu za gari hilo ni inchi ngapi?

Gia Tano akachungulia ndani ya kikombe. Injinia akafungua mwavuli wa mteja, akaufunga.

— Rimu? akauliza Sindano.

— Diski inakaa ndani ya rimu, baba. Hizo ulizoziwekea alama ni kubwa. Zikizidi, tairi halirudi mahali pake.

Uso wa Sindano ukawaka. Yeye, asiyekata suruali ya mtu kabla hajampima kiuno, alikuwa anakwenda kununua kwa macho! Akainuka, kahawa akaiacha.

Pale gereji, ubavuni mwa tairi la gari lake, paliandikwa kipimo cha rimu: inchi kumi na saba. Zile za matundu zilitaka rimu ya kumi na nane kwenda juu.

— Chukua laini za kipimo chake, na pedi mpya za kuzibana, akasema yule dada.

— Mbona hazina kitu?

— Zina chuma, baba.

Mchana ule Sindano aliinama naye bega kwa bega. Dada alisugua kutu kwa brashi ya waya pale diski inapokaa, maana chembe moja tu huilaza upande, na usukani huanza tena kutetemeka. Mafuta ya diski mpya akayafuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nati akazikaza kwa kupishanisha, hii kisha ile inayoielekea. Kisha akamtuma akatembeze gari taratibu, akikanyaga na kuachia, mpaka pedi na diski zizoeane.

Kesho yake Sindano akamwomba mkewe waende wote.

— Nenda wewe, akajibu. Mimi nitasimama chini ya mteremko nione.

Akasimama kweli, mikono kifuani, hatua chache kutoka kwa muuza maua, ambaye alikuwa keshahamisha ndoo zake. Sindano akashuka, jasho likimtiririka mgongoni. Akakanyaga. Usukani ukatulia mikononi mwake, gari likainamisha pua, likasimama mbele ya mkewe bila hata kulia.

Mkewe akalizunguka polepole, akafungua mlango wa dereva.

— Sogea.

— Nisogee wapi?

— Kule. Siogopi tena, ila nataka nijue mwenyewe linavyosimama.

Wakaupanda mteremko, wakageuza. Mkewe akaliachia likaanza kushuka, huku anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na Sindano, aliyekaa upande wa abiria, akajikuta anakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote, pale pasipo na breki.